Kamanda Aliyejua Yote Ila Hilo

Jirani yetu wa mtaa wa Kibokoni alikuwa kamanda mstaafu wa jeshi. Kila alasiri alikaa nasi barazani kwa kahawa, akitusimulia alivyoiendesha kambi yake. "Kwangu hata inzi hakuruka bila ruhusa," alisema. Alijua askari gani hakunyoa ndevu na yupi alizidisha sukari kwenye chai. Tulimsikiliza kwa adabu, maana halua ilikuwa yake.

Kisha shangazi yangu, muuza ndizi wa soko la Marikiti, akamshtaki. Zamani, kamanda akiwa bado kazini, askari wake walimkamata mwana wa shangazi katika msako, wakampiga hadi sikio moja likafa. Shangazi alikwenda langoni mwa kambi tena na tena kumuona mkubwa wao. Akaambiwa yuko mkutanoni. Kati ya waliompiga mwanawe, hakuadhibiwa hata mmoja. Mmoja alipandishwa cheo.

Mahakamani kamanda alikula kiapo, na papo hapo kumbukumbu zikamtoka. Hakujua kulikuwa na msako. Hakujua chumba kilichokuwa nyuma ya ghala, alimopigiwa kijana. Mayowe? Feni ya ofisini mwake ilikuwa na kelele mno.

Wakili wa shangazi, binti wa papa hapa Mji wa Kale, alimuuliza kwa upole, "Afande, mama huyu alipokuja langoni, uliambiwa?"

"Niliambiwa kuna mama analia. Kina mama hulia."

"Ukauliza analilia nini?"

"Hiyo si kazi ya kamanda."

"Kazi ya kamanda ni ipi?"

Alifikiri sana. "Kuamrisha."

"Na askari hao, mwenye kuwaamrisha alikuwa nani?"

Kamanda alimtazama wakili wake. Wakili wake akatazama dari.

Jaji alisema si lazima kamanda awe ameinua rungu mwenyewe. Alikuwa na njia ya kujua, akachagua kutojua. Alikuwa na uwezo wa kuwaadhibu, akanyamaza. Kwa hiyo naye anawajibika.

Nje, mzee mmoja wa baraza yetu alimpa kamanda mkono. "Pole, bwana. Umebebeshwa dhambi za watu."

Shangazi alisikia. "Nishani za kazi yao alizibeba," akasema, "na sikumsikia akilalamika uzito."

Mwanawe alicheka, nami sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu. Akamshika mamake mkono, wakavuka barabara kutafuta chakula. Kamanda amekata rufaa.