Wosia Ambao Baba Hakuutoa

Baba yangu alijulikana mkoa mzima kwa kazi moja, kusikiliza. Alikuwa mwanasaikolojia, na kwa miaka mingi alifundisha wachungaji, walimu na manesi kwamba mtu mwenye shida hahitaji kuambiwa la kufanya. Anahitaji mwenzake akae naye, amsikilize bila kumhukumu, mpaka asikie mwenyewe anachokisema. Kijitabu chake kilipigwa fotokopi mpaka herufi zikafifia. Hadi leo nikijitambulisha mahali, hakosekani mtu wa kuniuliza kama mimi ndiye binti yake, kisha ananiambia, "Yule mzee alinisaidia sana, na wala hakuniambia kitu." Nami hujibu kwamba hata mimi hakuniambia kitu. Watu hucheka wakidhani natania.

Tuliishi Njiro, mjini Arusha. Chumba cha mbele kilikuwa cha wageni wake, na ndani yake viti viwili vimekaa upande upande, kwa sababu baba alisema mtu anayelia hapendi kukaziwa macho. Sisi watoto tulipita kwa kunyata tukimsikia akiitikia, "Mm. Mm." Shida ni kwamba alitoka mle chumbani na mm yake, akaja nayo mezani. Asubuhi moja ya Julai, Mlima Meru umefunikwa na mawingu mpaka chini, nilimuuliza kama nivae sweta. "Wewe unasikia baridi?" akaniuliza. Nilikuwa na miaka saba, ningejuaje? Nikaenda shule bila sweta, nikaugua mafua wiki nzima.

"Huyu baba yenu analipwa kwa kunyamaza," alisema mama, akinipaka mafuta ya mikaratusi kifuani. "Siku nyingine niulize mimi."

Lakini mimi nilitaka kumuuliza yeye. Nilipomaliza kidato cha nne nilimuuliza nisome sayansi au sanaa. Akaniambia ananiona nimebeba mzigo mzito. Kweli nilikuwa nimeubeba, na nilitaka aupokee. Kila mtu Arusha alitamani baba kama wangu, nami nilitamani baba kama jirani yetu, aliyekuwa akifoka asubuhi mpaka mbwa anajificha. Angalau watoto wake walijua anachowaza.

Sababu yake niliipata kwa mama. Babu, baba yake baba, alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri kule mlimani, mtu wa kahawa, migomba na amri. Alimchagulia mwanawe shule, akamchagulia uchungaji, akamchagulia na mchumba. Mwaka wa pili wa theolojia baba aliacha chuo, akarudi nyumbani na sanduku lake. Alimkuta babu akichuma kahawa. Babu hakuinua kichwa. Aliendelea kuchuma mpaka ndoo ikajaa, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hawakuzungumza tena mpaka babu akafa. Baba akaapa kwamba hatamwamulia binadamu yeyote maisha yake, na kiapo hicho ndicho kilichomfanya awe msomi wa kuheshimiwa. Mganga hajigangi.

Basi nilifanya nini? Niliolewa na mtu wa kuniambia. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, Mwarusha wa upande wa Ngaramtoni, kijana mwenye heshima zake na sauti ya uhakika. Alijua nivae nini, tusali ibada gani, simu yangu iwe ya aina gani. Sitaki kumsema vibaya kuliko anavyostahili, kwa sababu mwanzoni nilifurahi sana. Nililala usingizi mzito. Wiki moja kabla ya sherehe ya kuniaga nilimfuata baba chumbani kwake, nikamuuliza wazi kama mtu huyu ananifaa. "Nasikia una wasiwasi kidogo," akasema. Nikamwambia sina.

Kwenye sherehe kama hizo, baada ya keki na zawadi, mshereheshaji humwita baba wa binti atoe wosia. Hata baba mlevi siku hiyo hupata la kusema: mheshimu mumeo, usisahau kwenu, mtangulize Mungu. Watu walikuwa wamekuja kutoka mlimani na makoti yao ya Jumapili kumsikia msomi wao. Baba akashika kipaza sauti, akanigeukia, akasema, "Mwanangu, unajisikiaje leo?"

Halafu akanisogezea kipaza sauti.

Watu wakacheka, wakidhani ni utangulizi. Mimi nilijua kwamba huo ndio wosia wenyewe. Nilisema nina furaha sana, wakapiga vigelegele, na muziki ukawekwa. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawasemi anavunjika nini yule ambaye mkuu wake hasemi. Nilimkasirikia baba kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote.

Niliishi na mume wangu miaka sita. Hakunipiga. Aliniachisha ualimu kwa sababu aliona nachoka, akaniachisha kwaya kwa sababu mazoezi yalichelewa kuisha, akaanza kunichagulia rafiki, na mwisho nikawa nasimama mbele ya kabati bila kujua ninapenda gauni lipi. Siku niliyoligundua hilo niliketi kitandani kama nusu saa. Kisha nikafunga nguo zangu chache, nikaondoka.

Wakati huo baba alikuwa amestaafu, yeye na mama wamerudi kwenye kihamba cha babu, shamba lile la kahawa na migomba, kule juu karibu na barabara ya Momela. Alinipokea begi, akanisikiliza. Wiki tatu alinisikiliza, barazani, shambani, tukimenya ndizi. Nilimwambia yote. Nilipomuuliza, "Baba, nirudi?" akasema, "Ukijiona umerudi, unaona nini?" Niliweka kikombe chini kwa nguvu mpaka kikapata ufa. Nilichoona ni aibu: mwanamke aliyeondoka kwa mtu asiyempiga. Na mume wangu alikuwa anapiga simu kila siku, sauti imelainika. Kimoyomoyo nilikwisha kuamua kurudi.

Jumamosi mchana wakaja wazee wa upande wake, watatu na mshenga, na fimbo zao, wameleta sukari na kreti mbili za soda. Kwa desturi, mke aliyekimbilia kwao hufuatwa hivyo, na jibu hutolewa na baba yake. Mimi na mama tulikuwa jikoni, mlango tumeuacha wazi kidogo.

Wakasalimiana, wakaomba, wakaanza. Kijana wao amekonda. Nyumba imepoa.

"Mnaona nyumba imepoa," baba akasema.

"Imepoa kabisa, Mzee."

"Na ninyi inawauma."

"Inatuuma."

Mama akanong'ona, "Ameanza." Na kweli mbinu yake ilikuwa inafanya kazi, kwa sababu baada ya muda mzee mmoja alianza kueleza habari za mke wake mwenyewe aliyeondoka miaka ya nyuma, jambo ambalo hakuna aliyemtuma kulisema. Baba akamwitikia taratibu. Nilikaribia kucheka. Mshenga ndiye aliyekohoa.

"Mzee, sisi tumesema, na umetusikia vizuri. Sasa ni zamu yako. Binti anarudi au harudi?"

Mama aliacha kukata vitunguu. Nilijua kinachofuata: ataniita, ataniuliza ninavyojisikia mbele yao, nami nitasema nitarudi. Nilikwisha kujifunga khanga vizuri, nimekaa tayari kuitwa.

"Harudi," baba akasema.

Hata mshenga hakuamini. "Umesemaje, Mzee?"

"Harudi. Kijana wenu siku ya kwanza alipokuja kwangu, mke wangu alimuuliza mwanangu kama anaweka sukari kwenye chai. Kijana akajibu yeye. Akasema haweki. Mwanangu tangu mdogo anaweka vijiko vitatu. Aliinywa vile vile, anatabasamu. Niliona, nikanyamaza, nikajiambia ni uhuru wake. Haukuwa uhuru wake, ilikuwa ni woga wangu. Sasa mwanangu anabaki hapa. Mwambieni asimfuate."

Wazee hawakugomba. Walikula, wakashukuru, na yule aliyesimulia habari za mkewe alimshika baba mkono muda mrefu langoni. Kisha baba akaja jikoni. Hakukaa. Alishika ukingo wa meza, na nikaona mikono yake inatetemeka mpaka vikombe vinagongana.

"Nimekosa, mwanangu," akasema. "Sikukuuliza. Nimekufanyia alichonifanyia babu yako."

"Nilikuwa nimeamua kurudi," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. Mume wangu alikuwa ameniambia la kufanya kila siku kwa miaka sita, na hakuna hata siku moja ambayo mikono yake ilitetemeka. Baba akafungua kinywa, na kwa mazoea ya miaka yote ile nikajua kwamba anataka kuniuliza ninavyojisikia.

"Usiniulize kitu, Baba," nikasema. "Sema tena."

Alimtazama mama, kama vile mama angemsaidia. Mama akageukia vitunguu vyake.

"Hurudi," akasema.

Nikamwomba aseme mara ya tatu, naye akasema.