Sifuri Nne za Kalondu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya msingi hapa Machakos, Mwalimu Mkuu alinikabidhi rejista. Alama ya mkwaju maana yake mtoto yuko; sifuri, hayuko. "Madam," akasema, "usiandike unachodhani. Andika unachoona." Nikajisemea mzee anapenda kusikika.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na darasa la sita, nilimwandikia sifuri msichana aliyeketi mbele yangu, Jumatatu hadi Alhamisi. Muhula uliotangulia aliitikia vizuri. Sasa nikiita "Kalondu," kimya, ananitazama tu. Nilichemka. Nikamwambia asiye na mdomo hayuko, nikamsimamisha nje. Naam, mimi, niliyekuwa pia mwalimu wa ushauri nasaha, kazi yangu kusikiliza watoto wenye shida!

Ijumaa tulifunga kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Wazazi wa Kalondu wakafika langoni, kila mmoja kivyake. Kumbe walikuwa wameachana.

"Kalondu, twende nyumbani," baba akaita. Sisi Wakamba, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba.

"Faith, kuja hapa," mama akaita. "Hilo jina la watu wao halitajwi kwangu."

"Faith ni nani? Mimi sina mtoto anaitwa Faith."

Mtoto alisimama katikati, amekumbatia mkoba, haitiki popote. Akiitikia jina moja, amemkana mzazi mmoja. Nilizielewa sifuri zangu pale pale, na aibu ikanishika.

"Hakuna anayetoka naye kabla hajaulizwa," nikawaambia. Nikachuchumaa. "Mwanangu, mimi nikuite nani?"

Akajibu, "Yote mawili, mwalimu. Lakini uite kwa nguvu, wasikie."

"Faith Kalondu!"

"Niko, mwalimu."

Hawakupatana siku ile. Mtoto aliondoka na mama, aliyekuwa akiishi naye. Baba alimbebea mkoba hadi barabarani.

Sasa nimestaafu. Walimu vijana huniuliza shule imsaidieje mtoto ambaye wazazi wake wametengana, wakitarajia mpango mrefu. Nawaambia waanze na rejista: mwulizeni anataka kuitwa nani, na akinyamaza msikimbilie adhabu.

Zile sifuri nne bado ziko, maana rejista haifutwi. Ukiifungua utasoma kwamba wiki ile, Jumatatu hadi Alhamisi, Kalondu hakuja shule. Alikuja kila siku.