Unga wa Mahindi Sakafuni

Kila Alhamisi jioni, kabla ya darasa la dansi ya kantri kuanza, fundi wa visima huingia ukumbini kwetu na kopo la unga wa mahindi, akaunyunyiza sakafuni ili buti ziteleze. Hufuata njia ileile wanayozunguka wachezaji, akiburuta mguu wa kushoto, grisi ya pampu imemganda kwenye kucha. Akimaliza hukaa ukutani, kofia gotini, akatazama. Ndivyo alivyo tangu tumzike mkewe, mwaka wa pili sasa.

"Mzee, utajiandikisha lini?" mimi humuuliza mlangoni ninapouza tiketi.

"Niache kwanza, mwanangu. Nimechoka."

Alhamisi iliyopita Bi Twyla, mwalimu mwenye vikombe vyake vya mashindano, alimvuta mkono. "Njoo, mimi siumi." Muziki ukaanza. Mzee akaweka kiganja begani kwa mwalimu, akafumba macho, akangoja kuongozwa. Hapo begani ndipo anaposhika mwanamke, yule anayeongozwa. Miaka arobaini tulimwona akizunguka humu na mkewe, tukadhani mzee ndiye anayeongoza.

"Leo umesahau gauni, bwana!" mtu akapiga kelele.

Bi Twyla akaushusha ule mkono taratibu hadi mgongoni kwake. "Mwanamume hushika hapa. Ni rahisi, nitakufundisha."

"Najua ni rahisi," alisema mzee. "Lakini nikijifunza hii, ile ya mke wangu nitaisahau."

Akachukua kopo, akanyunyiza upya pale alipokuwa amesimama, akarudi kukaa.