Ameapa Mbele Yangu

Mwanasheria Mkuu wa nchi hii huteuliwa. Hakuna anayebandika picha zake ukutani kuomba kura, na pengine ni heri, maana nimewaona wanasheria wakigombea kitu kidogo kuliko hicho na mpaka leo nasikia kinyaa. Kitu chenyewe ni uenyekiti wa chama chetu cha mawakili wa kanda, hapa Dodoma. Hakina mshahara. Kina kiti cha mbele kwenye hafla, karibu na wakubwa, na kwa ajili ya kiti hicho watu wazima wenye shahada mbili mbili wako tayari kulamba viatu vya mtu.

Kabla sijafika kwenye uchaguzi, nieleze kwanza habari ya muhuri, kwa sababu uchafu wote ulianzia hapo. Wakili kwetu huwa pia kamishna wa viapo. Mtu akitaka kuapa kwamba jambo fulani ni kweli, anaandikiwa karatasi, anakuja kwa kamishna, anaapa, anatia sahihi, au dole gumba kama hajui kuandika, na kamishna anagonga muhuri chini ya maneno haya: ameapa mbele yangu, mtu ambaye ninamfahamu. Asiyejua kusoma sharti asomewe kwanza. Ndivyo inavyotakiwa. Tunavyofanya sisi ni kwamba karani analeta rundo la karatasi zimefunuliwa ukurasa wa mwisho, anasema, “Mheshimiwa, muhuri tu,” nasi tunagonga. Nimegonga nikiwa kwa kinyozi, povu likiwa shingoni. Nimegonga juu ya boneti ya gari nje ya mahakama, upepo wa Agosti ukimwaga vumbi kwenye wino. Walioapa “mbele yangu” kwa miaka yote hiyo wangejaza uwanja wa mpira, na wengi wao sijawahi kuwaona hata kisogo.

Wakili mmoja tu hakuwa hivyo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Kongwa, mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Ngazi yake ilikuwa kali, na mteja mzee akishindwa kuipanda, yeye ndiye aliyeshuka na meza ndogo mpaka barazani. Nilipohamia Dodoma, nikiifuata serikali kama mawakili wengi walivyofanya, nilimpelekea kiapo cha mteja wangu akigonge, maana wakili haruhusiwi kugonga kiapo cha mteja wake mwenyewe. Kilirudi bila muhuri, kimebanwa na kikaratasi chenye neno moja: Mlete. Nilikasirika. Nikasema mbele za watu kwamba dada huyu anajiona. Mteja wangu alipokwenda alikaa huko karibu saa nzima, akasomewa neno kwa neno kwa Kigogo, na aliporudi aliniambia kuna sehemu mbili nilizoandika ambazo yeye hakuzisema kamwe. Nilizirekebisha. Tangu siku hiyo nilimheshimu, ingawa muhuri wangu mwenyewe niliendelea kuugonga kama zamani.

Alipotangaza kugombea alisema mambo mawili tu: muhuri ugongwe mbele ya mtu au usigongwe, na chama kisiwe mpiga vigelegele wa mkubwa yeyote. Kwenye kundi letu la simu watu waliendelea kutumiana salamu za asubuhi na picha za maua. Ajabu ni kwamba waliompinga hawakujificha. Waliojificha ni wale waliomuunga mkono. Walimpigia simu wakiwa wamepandisha vioo vya magari, wakamwita jembe, wakamwapia kwamba wako naye, na jioni unawakuta wamevaa fulana za mpinzani wake, zimewabana matumbo.

Mpinzani huyo alikuwa wakili mkongwe mwenye sauti ya kubembeleza, aliyezoea kumwita kila mtu “mwanangu,” hata waliomzidi umri. Hakuwa na sera. Alikuwa na pilau.

Fomu ya kugombea ilihitaji mdhamini, na yule dada alinijia mimi.

“Kaka msomi,” akasema, “najua itakuletea maneno. Ukikataa sitakulaumu.”

Nilitia sahihi hapo hapo, na nikiri kwamba nilijisikia mtu. Niliipiga picha fomu ile. Nilikwenda kuionyesha nyumbani, na kwa wiki nzima nilitembea mjini kifua mbele, nikiwadharau wenye fulana.

Siku chache kabla ya kura, pingamizi likawekwa. Kamati ya uchaguzi, mawakili watatu wenye sura za msibani, ilitukusanya ukumbini. Mwenyekiti wa kamati akasoma hati ya kiapo ya mzee mmoja wa Mlali, aliyewahi kuwa mteja wa yule dada katika kesi ya shamba. Hati ilisema kwamba wakili huyu alimshika mzee mkono, akamtia dole gumba kwenye karatasi za suluhu bila kumsomea, na mzee akajikuta ameridhia kugawana shamba na watoto wa kaka yake. Kwa maneno mengine, alishitakiwa kwa kosa lile lile alilokuwa akitukataza sisi. Chini kulikuwa na alama ya dole ya rangi ya zambarau, na kando yake muhuri.

Karatasi ikazungushwa. Iliponifikia niliujua muhuri kabla ya kusoma jina. Ukingo wake wa chini una ufa, kwa hiyo herufi mbili huwa hazitoki. Ulikuwa wangu.

Nilikumbuka kila kitu, kwa sababu hakukuwa na kingi cha kukumbuka. Kikao cha harusi ya mwenzetu huko Chamwino, meza imejaa mbuzi choma, na karani wa yule mkongwe, mtu mzima mwenye kipara na adabu nyingi, akiinama sikioni kwangu: “Mheshimiwa, samahani kukusumbua. Muhuri tu.” Karatasi kama sita hivi, zimefunuliwa mwisho. Muhuri wangu hukaa mfukoni mwa koti. Nilipangusa vidole nikagonga zote bila kukatiza mazungumzo. Mbele yangu hakukuwa na mzee yeyote. Mbele yangu kulikuwa na mbavu za mbuzi na kachumbari. Wala hawakunifikia kwa bahati. Walimtafuta mdhamini wa yule dada makusudi, ili dada akitaka kuikana hati ile ampige mtu wake mwenyewe. Walijua kwamba nitagonga bila kusoma. Walinijua hivyo, na walikuwa sahihi, na hilo linanichefua kuliko pilau na fulana zao zote.

Yule dada alisimama bila karatasi mkononi.

“Mzee huyu nilimsomea suluhu ile mara mbili, barazani, mbele ya watoto wa kaka yake,” akasema. “Na tarehe iliyoandikwa hapa hakuwa Dodoma. Miguu yake haimfikishi hata kisimani. Naomba kamishna aliyemwapisha aulizwe. Yumo humu ndani.”

Viti vilikwaruza sakafu, wote wakanigeukia. Mwenyekiti wa kamati akavua miwani.

“Wakili msomi, muhuri huu ni wako?”

“Ni wangu.”

“Na mzee huyu aliapa mbele yako?”

Nilijua fika kinachoulizwa. Nikisema hapana, leseni yangu inakwenda, na kila karatasi niliyowahi kuigonga itaanza kutiliwa shaka. Nikisema ndiyo, jina la mwenzangu linafutwa kwenye uchaguzi, na doa linabaki nalo popote atakapokwenda. Lilihitajika neno moja tu. Lakini mimi ni msomi. Nimefundishwa kutafuta njia ya tatu hata pasipo na njia.

“Hati inajieleza yenyewe,” nikasema.

Ni maneno tunayoyatumia sana mahakamani, na ndani yake hamna kitu. Kamati iliyapokea kwa furaha kama ndiyo.

Yule dada akaniangalia. Nilingoja anibane, maana angeweza. Nimemwona akiwabana mashahidi wagumu kuliko mimi mpaka wakaomba maji. Alisema tu, “Sina swali zaidi,” akaketi, akaanza kukusanya vitu vyake, kalamu, miwani, chupa ya maji. Wakati ule nilijidanganya kwamba amenihurumia. Leo naona kwamba alikuwa hataki kunigusa tena.

Jina lake likafutwa. Kwa kuwa mgombea alibaki mmoja, mkongwe akapitishwa kwa makofi, na wale waliomwita dada jembe ndio walioyapiga kwa nguvu kuliko wote. Mmoja alipiga mpaka saa ikamchomoka mkononi. Kisha pilau ikaletwa. Ningeweza kuliacha hili nisiliandike, na ndiyo maana naliandika: niliila ile pilau, na nikaomba waniongezee pilipili.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza yule dada aliponijia ofisini. Kabla mlango haujafunguliwa nilisikia fimbo mbili zikigonga sakafu ya korido, polepole, zikipumzika, zikiendelea. Aliingia amemshika kiwiko yule mzee wa Mlali. Mzee alivaa koti kuukuu lililofungwa vifungo vyote, na katambuga zake za matairi zilikuwa na matope mekundu yaliyokaukia njiani.

“Kaka msomi,” akasema yule dada, “nimemleta.”

Nilimwamkia mzee shikamoo. Aliitikia marahaba, kisha kwa adabu ya kwao akaniongezea mbukwa, nami nikajibu mbukwa, neno pekee la Kigogo ninalolijua baada ya miaka yote hii. Tukamkalisha. Fimbo zake akazilaza juu ya mapaja.

“Ameshaapa kiapo kipya kwa wakili wa Kongwa,” yule dada akaniambia, “kwamba kile cha kwanza hakukiapa yeye na dole si lake. Nakipeleka kwa kamati Jumatatu. Sikuja kukuomba muhuri. Nimekuja umwone.”

Mzee alikuwa akinitazama muda wote huo. “Huyu ndiye?” akauliza.

“Ndiye, babu.”

“Nimesomewa,” mzee akaniambia, Kiswahili chake kikienda kwa uangalifu, “kwamba umeandika unanifahamu.”

“Ndiyo, mzee. Niliandika.”

“Haya. Mimi ni mtoto wa nani?”

Hakuuliza kwa hasira, na afadhali angeuliza kwa hasira. Kwao kumfahamu mtu ni kujua baba yake ni nani na mlango wa nyumba yake unatazama wapi, na yeye alidhani labda kweli nayajua hayo. Labda tuliwahi kukaa pamoja kwenye msiba fulani, akaniapia jambo, akasahau. Alikuwa akiutafuta uso wangu kwenye kumbukumbu zake, jicho moja amelifumba kidogo. Alikuwa akijitilia shaka yeye, si mimi. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

“Sikufahamu, mzee,” nikasema. “Sijawahi kukuona mpaka leo.”

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea ndani ya lile koti.

“Afadhali,” akasema. “Nilidhani akili imeanza kuniondoka. Hata wanangu wameanza kuniangalia kwa mashaka.”

Yule dada alisukuma karatasi nyeupe mbele yangu. “Waandikie kamati hayo,” akasema. Niliandika kwa mkono, kila kitu, Chamwino, mbuzi, karani, karatasi sita, hata pilau. Nilipomaliza nilitaka kuikunja, akanizuia. “Msomee.” Basi nikamsomea mzee barua yangu neno kwa neno, naye yule dada akaitia Kigogo sentensi kwa sentensi, na ilituchukua karibu saa nzima. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsomea mtu kitu mpaka mwisho. Nilipofika kwenye pilau nilisita, nikaisoma na yenyewe.

Kamati ilijibu kwamba imeipokea barua, na kwamba uchaguzi umeshapita. Mkongwe bado anakaa kiti cha mbele. Leseni yangu imesimamishwa mpaka shauri langu lisikilizwe, na muhuri nimeshaurudisha. Yule dada amebaki juu ya duka la vitambaa, wateja wake wachache vile vile, na tukikutana mjini ananisalimia vizuri, lakini haniiti tena kaka msomi.

Mimi bado naja ofisini kupanga mafaili ya watu ili wayachukue. Juzi karani yule mwenye kipara alichungulia mlangoni kwa mazoea, rundo likiwa mkononi, limefunuliwa mwisho. Nikamwambia sina muhuri.

“Samahani, mheshimiwa,” akasema, na kwa adabu zake zote akaenda mlango wa pili. Ukuta wetu ni mwembamba. Nilisikia muhuri wa jirani yangu ukigonga meza, mara moja, mara ya pili, mpaka mara ya sita, na yeye mwenyewe akiendelea kucheka na mtu kwenye simu.