Siku Kasongo Ilipobeba Tangi la Shangazi

Juzi nilikuwa nimekaa nikimngoja daktari wa meno, huku Bukavu ninakoishi sasa, na kando ya kiti changu palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wadogo wekundu. Ikanijia ile harufu ya maji yaliyolala, majani mabichi na samaki aliye hai, ambayo si sawa kabisa na harufu ya samaki aliyekufa. Nikaanza kucheka peke yangu. Mama mmoja akahamisha kiti chake. Basi ngoja niwaeleze ninyi, maana yeye hakuniuliza.

Nilipokuwa mtoto, baba alinitoa kwetu Wamaza, upande wa Kabambare, akanipeleka Kasongo kusoma, nikae kwa dada yake, Shangazi Zaina. Shangazi alikuwa mjane na hakujaliwa mtoto. Alikuwa ameishi Kasongo tangu alipoolewa, lakini majirani waliendelea kumwita "ule mama wa Kabambare". Alikuwa na mgahawa mdogo wa bugali na samaki. Ng'ambo ya barabara aliuza chakula Mama Feza, na huyo ndiye aliyeeneza kwamba samaki wa Shangazi hulala siku nyingi kabla ya kuingia chunguni. Maneno hayo yalikuwa yakimmaliza Shangazi. Wateja walianza kuinusa sahani kabla ya kunawa mikono, na wengine hawakurudi tena.

Ndipo mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahamia Kindu, ambaye Shangazi alimpikia harusi ya binti yake, akamwachia tangi lake kubwa la kufugia samaki. Shangazi aliona wokovu umefika. Ngege na kambare wa mto Lualaba wangeogelea mbele ya mteja, mteja anyooshe kidole, apikiwe yule yule. Nani tena angesema wameoza? Shida ni kwamba tangi lilikuwa upande wa pili wa mji, refu kuliko mimi nikilala chini, na vioo vyake vizito vilishikana kwa gundi tu. Pikipiki isingeliweza. Na kwenye mkokoteni, kwa mashimo yale ya barabara, lingefika unga.

Kazi akapewa Papa Donati, seremala, Mkatoliki mwenye uso wa huzuni hata akiwa ameshiba. Kasongo nzima ilimjua kwa majeneza yake. Alitoa amri tumwage maji yote, tutoe mawe na mchanga, na samaki wawili waliobaki wakaingia kwenye ndoo yangu. "Mutu asiishike huku juu," aliwaonya wabebaji. "Tunabeba kutoka chini." Akatandika godoro juu ya ubao mpana, tangi likakaa juu ya godoro, ubao ukafungwa kwenye miti miwili mirefu, na wanaume sita wakauweka mabegani. Halafu, kwa kuogopa jua lisipasue kioo, akalifunika lote kwa shuka jeupe la Shangazi.

Ninyi mmeshaona. Sisi hatukuona.

Papa Donati alitangulia, mikono nyuma, akiwaashiria wenye baiskeli wasimame. Mimi nilifuata na ndoo kichwani, nimekatazwa kucheka wala kusema nisije nikaimwaga, na kila hatua maji yalinichuruzika usoni. Mzee mmoja akavua kofia. Mwanamke aliyekuwa anauza mihogo akashika kichwa kwa mikono miwili: "Yoo! Ni Mama Zaina! Munaona ule mutoto wake vile analia!"

Tulipofika msikitini, watu walikuwa wanatoka kuswali alasiri. Kwetu hakuna anayeliacha jeneza lipite bila kuweka bega, hata kwa hatua chache, apate thawabu. Wakaja mbio. "Leta, ndugu, na miye nibebe!" Wabebaji wetu sita wakasukumwa pembeni, dhikri ikaanza, na mwendo ukakaza, maana maiti hacheleweshwi. Papa Donati alikimbia kando yao akipiga kelele: "Polepole! Musiinamishe! Hii ni kioo ya samaki!"

"Pole, papa," walimjibu. "Uchungu umekuingia mu kichwa."

Nilimsikia mmoja akinong'ona, jasho likimtoka: "Ule mama alikuwa mwembamba. Namna gani iko muzito hivi?"

"Ni wale samaki," mwenzake akamjibu.

Kwenye njia panda wakageuka kuelekea makaburini. Hapo nikavunja amri, nikafungua mdomo: "Hapana! Shangazi iko nyumbani, anatungojea!" Msafara ukasimama. Mzee mmoja akanifuta uso kwa kanzu yake, akasema kwa upole, "Kweli, mutoto. Tumupeleke kwanza aage nyumba yake." Papa Donati hakubishana tena.

Habari ilikuwa imetutangulia. Uwanja ulijaa wanawake, na katikati yao Mama Feza alikuwa anagaragara chini: "Zaina, umetuacha! Nani atatupikia samaki kama weye? Samaki tamu, samaki ya leo leo!" Wakati huo huo Shangazi, aliyekuwa ameshuka kijitoni kuchota mchanga mpya wa tangi, akatokea nyuma ya nyumba na beseni kichwani.

Kilio kilikatika. Wanaume walimtazama, wakatazama shuka, wakamtazama tena. Mmoja akaanza kurudi nyuma, miti ikayumba, na chini ya shuka kioo kikalia. Shangazi ndiye pekee aliyebaki na akili zake.

"Hakuna mutu atakimbia!" alifoka. "Mwenye kuachia, miye nitamuzika leo!"

Wakaganda. Kisha, kwa amri zake, wakainama wote pamoja na kulitua tangi juu ya meza ya matofali, taratibu kuliko Papa Donati alivyowahi kuota. Shangazi akavuta shuka. Tangi halikuwa na ufa. Uwanja mzima ukaangua kicheko, isipokuwa Mama Feza, ambaye alikuwa bado anatafuta kitambaa chake cha kichwa.

Shangazi akachuchumaa mbele yake. "Aksanti kwa kunililia, mama. Ulisema samaki ya namna gani?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Wiki hiyo hiyo wateja walirudi.

Waliokuja kukuzika huwezi kuwaacha waende na njaa, kwa hiyo Shangazi aliwapikia wote. Walipoondoka nilimkuta nyuma ya jiko akilia. Nikambembeleza, nikamwambia tangi ni zima kabisa. Akacheka huku machozi yakimtoka. "Uliona vile walikuwa wanasukumana, Riziki? Wanasukumana wanibebe."

Nilimjibu kwamba niliona, na kwamba kidogo tu wangelivunja. Kwa miaka mingi niliamini nimemjibu vizuri. Sasa mimi pia ni mgeni katika mji wa watu, ninawajua jirani zangu kwa sauti za milango yao, na kuna usiku hujiuliza kile alichokuwa anajiuliza mjane yule asiye na mtoto: siku yangu ikifika, nani ataweka bega? Shangazi alijibiwa mchana kweupe, yu hai, na beseni la mchanga kichwani.