Mwisho wa Picha Ambao Kisauni Hawakuuona

Hadithi hii inanifanya nionekane mjinga, na nakubali mapema ili mwenye kunicheka anicheke yaishe. Najua pia nitaulizwa, kijana wa miaka ishirini na minne ana kumbukumbu gani za kazi? Ninazo. Wengine hustaafu kwa uzee, mimi nilistaafu kwa mdomo.

Siku ya kwanza nilifika Changamwe, kwenye uwanja wa kampuni moja ya sabuni, nimevaa viatu vya kaka yangu. Kampuni ilikuwa na gari la sinema. Lilizunguka Likoni, Kisauni, Changamwe mpaka Miritini, likionyesha picha za bure, na katikati ya picha watu wanaambiwa wanunue sabuni. Meneja alinitazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Kiingereza unakijua?"

"Nakijua, bwana, isipokuwa maneno."

Akacheka, nikaandikwa kazi.

Niliitwa msemaji. Picha zilikuwa za Kizungu, kwa hivyo msemaji hukaa kando ya pazia na maikrofoni, akawasemea wote: bwana, bibi, mtoto, hata mbwa. Aliyenifunza ni Bwana Operata, Mrabai mmoja mpole asiyependa kelele. Yeye ndiye mwenye projekta, ile mashine ya kutupa picha. Filamu huja imezungushwa kwenye magurudumu ya bati, na kila gurudumu ni rili. Rili ikiisha, operata anatia nyingine, na dakika zile ni kazi ya msemaji kuwashika watu wasiende zao majumbani. Hapo ndipo nilipopata jina. Watoto wakiliona gari wanapiga kelele, "Mdomo kaja! Mdomo kaja!"

Ujanja wangu ulikuwa mmoja. Tukifika mahali, kabla ya magharibi nakaa barazani na wanywaji kahawa, nakusanya majina. Picha ikianza, Mzungu mwenye kofia namwita kwa jina la muuza samaki wa hapo hapo, na mkewe namwita kwa jina la mama wa mahamri. Watu wanacheka mpaka wanalala juu ya mikeka. Meneja alikuwa akinipigapiga bega. "Wakicheka wananunua. Endelea."

Basi, uhuru ukiwa unakaribia, ikaletwa picha ya mzuka. Mtoto wa mji mdogo wa Ulaya amepotea, kisha mzuka wake unarudi shuleni, unakaa kwenye dawati lake, na anayeuona ni rafiki yake mmoja tu. Rafiki anahangaika kujua nini kilimpata mwenzake. Mji mzima unamshuku mzee mmoja anayekaa peke yake karibu na kisima. Ukweli uko kwenye rili ya mwisho: mtoto aliteleza mwenyewe kisimani, na mzee yule ndiye pekee aliyekimbia kumwokoa. Mimi niliiona yote ofisini, tulipoijaribu ukutani.

Tukaipeleka Kisauni. Barazani nikauliza, "Hapa kwenu nani anachimba visima?"

"Fundi Kombo," kijana mmoja akasema.

Muuza kahawa akaacha kugonga vikombe. "Huyo mwache, yakhe. Tafuta jina jingine."

"Kwani ni shemeji yako?"

Baraza likacheka, nikajiona nimeshinda. Bwana Operata akaniita kutoka garini, "Globu ya akiba, taa ya projekta, umeikagua?" Hiyo ilikuwa kazi yangu ya pili. Nikajibu, "Iko sawa, bwana." Hata sanduku sikulifungua.

Baada ya isha tukaanza. Yule mzee wa kisima nikamwita Fundi Kombo. Mzuka nikausemea kwa sauti nyembamba ya mtoto, nikaupa na kikohozi kidogo. Wallahi, sijawahi kusema vizuri kama siku ile. Watu walinyamaza, nami nikadhani ni ufundi wangu.

Bwana Operata alipotia rili ya mwisho, globu ikaungua. Akatoa ya akiba, akaitikisa: uzi umekatika ndani. Pazia jeusi. Maikrofoni ilikuwa bado hai, na watu wakaanza, "Mdomo! Nani kamtia mtoto kisimani?"

Amri ya Meneja ilikuwa kwamba picha ikikatika tusitoe mwisho, ili watu warudi. Ningesema tu, "Ngojeni tukirudi." Badala yake nikaivuta maikrofoni, nikasema kwa ile sauti nyembamba, "Muulizeni Fundi Kombo!"

Nilingoja kicheko. Walicheka vijana wawili watatu. Wengine walikunja mikeka yao kimya.

Wiki ya tatu, mzee mmoja mwenye mikono kama magome akaja uwanjani Changamwe. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye Mdomo? Mimi ndimi Kombo."

Nikamsogezea debe tupu akae.

"Miaka minane nyuma nilichimba kisima pale mtaani," akasema. "Ukingo sikuwa nimeujenga bado. Nikaenda kuswali adhuhuri, kurudi mtoto yumo ndani, amekufa maji. Watu walinisema, kisha wakanyamaza. Sasa tangu sinema yako sijaitwa kazi hata moja. Hata visima nilivyochimba zamani hawateki tena maji. Nasikia ile picha ina mwisho wake. Basi waonyeshe."

Nikaenda kwa Meneja. Akasema, "Picha imesharudishwa ilikotoka. Na sisi tunauza sabuni, hatuna mahakama." Bwana Operata akasema, "Tukirudi Kisauni nitakufungulia maikrofoni kabla ya picha. Sema mwenyewe."

Tukarudi. Fundi Kombo alikuwa amesimama nyuma kabisa, amevaa kanzu safi. Nikasema, "Jamani, Fundi Kombo hana kosa. Hata yule mzee wa kwenye picha hakuua mtu. Mtoto aliteleza. Ile siku nilifanya mzaha."

Kisha mtu mmoja akapiga kelele, "Mwongo! Fundi kakuhonga nazi ngapi?"

Na mimi, kwa mazoea, mdomo ukanitangulia: "Kumi na moja, na mbili zimeoza!"

Kisauni nzima ikaanguka kicheko. Nilipotazama nyuma, ile kanzu ilikuwa inaondoka. Mwezi haukuisha, Fundi Kombo akavuka kwenda kuishi ng'ambo ya Likoni kwa watu asiowajua.

Nikamrudishia Meneja maikrofoni yake. Akasema nina wazimu, watu wananipenda. Kweli walinipenda. Sasa napakia magunia huko Bamburi, kazi isiyotaka maneno, na mkija kupewa nyinyi kazi ya kuwasemea watu, ulizeni kwanza mjue ni akina nani waliokaa mikekani. Mimi sikuuliza. Nilijua majina tu, basi.

Kabla sijaanza hiyo ya magunia nilikwenda Kisauni kwa miguu, nikapita mlango kwa mlango, nikieleza mwisho wa ile picha kwa sauti yangu ya kawaida. Wengine walinisikiliza. Wengine walingoja nichekeshe, na nilipokosa kuchekesha wakafunga milango. Nyumba ya mama wa yule mtoto wa kisima cha Fundi nilijua ni ipi, ndiyo maana niliiweka ya mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikamweleza yote, macho yangu yakiwa chini. Aliniacha nimalize.

"Mimi nilikuwa najua siku zote," akasema. "Fundi ndiye aliyeingia kumtoa. Alimtoa huku mwenyewe akilia kunishinda mimi."

"Sasa mbona usiku ule wa mzuka hukusimama ukasema, mama? Wewe wangekusikia."

Akawa anakunja upindo wa leso yake, anaukunjua.

"Nilitaka kusimama. Lakini ulipofanya ile sauti, na kile kikohozi kama cha mwanangu, nikasema ngoja aongee kidogo. Tangu usiku ule sijamsikia tena." Akasogeza kigoda chake karibu nami. "Haya, ya Fundi nimeyasikia, na majirani nitawaambia. Sasa hebu ifanye ile sauti. Uniite mara moja tu."