Ruta Mbili za Ghorofa ya Tano

Jirani yangu wa ghorofa ya tano huku mtaani Pipeline, mama fundi wa nguo, alikuwa ahojiwe kwa video saa kumi jioni. Chuo fulani kilitaka mwalimu wa ushonaji. Mimi ndiye niliyemwambia asijali, ningemgawia intaneti yangu. Nilikuwa nimejifunza mambo ya ruta, kile kifaa cha kugawa intaneti, wiki mbili kwenye simu, na kichwani nilishajiona nikiunganisha mtaa mzima.

Akanunua ruta ya mtumba. Nikapitisha waya dirishani kwangu, katikati ya nguo za watu zilizoanikwa, mpaka kwake. Kuchomeka tu, intaneti ikakatika kwake na kwangu pia.

Nilihangaika saa nzima kabla ya kuelewa. Ruta zote mbili, yangu na yake, zilikuwa na anwani moja, na zote zilikuwa zinazigawia simu zetu namba, kama ploti ya wapangaji yenye keateka wawili, wasimamizi wa nyumba, kila mmoja anagawa funguo kivyake. Simu zikawa zinamfuata yule asiyejua njia ya kutoka nje, yaani ruta yake. Nikabadilisha anwani ya ruta yake, nikaizuia isigawe namba. Ikashika. Nikaenda kunywa maji. Kurudi, imekatika, na yote niliyopanga yamefutika.

Nikaanza upya, ikashika, nikatoka kidogo. Imefutika tena. Mara ya tatu niliporudi, nilimkuta mama ameinama na sindano, anadunga kitundu kidogo nyuma ya ruta.

"Mama, unafanya nini?"

"Si nakusaidia? Aliyeniuzia alisema taa ikiwaka-waka nidunge hapa mpaka itulie."

Nikamweleza kwamba taa inawaka-waka kwa sababu inafanya kazi, na kitundu hicho kinaisahaulisha ruta kila kitu. Akasema basi ningemwambia mapema. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita.

Nikapanga tena. Ikashika, lakini kichwa cha waya kilikuwa kimevunjika kishikizo kwa kule kuvutwa-vutwa, kikawa kinachomoka. Basi nikapiga magoti chini ya meza ya cherehani, nikakishikilia kwa mkono mahojiano yote, miguu ikifa ganzi.

Wale wa chuo wakamuuliza kama ana subira na wanafunzi wagumu kuelewa.

"Ninayo," akajibu kwa upole. "Hapa kwangu kuna kijana wa jirani, tangu mchana namvumilia."

Wakacheka, kisha wakamuuliza anaweza kuanza lini. Mimi nikazidi kubana waya.